Usimwachie mtu wa saiba amchagulie mdogo wako kozi



Kila mwaka matokeo ya KCSE yakitoka, mtaani ni vifijo, picha kwenye simu na biriani. Kisha kimya. Siku KUCCPS wakifungua maombi, mtoto aliyepata B anatumwa saiba peke yake na pesa ya ada mkononi. Aliye kwenye kompyuta ana foleni ya watu kumi. "Wataka kozi gani?" Mtoto hajui. Inajazwa yoyote iliyo karibu, na miaka minne ya maisha yake imeamuliwa kwa dakika tano.

Wewe uliye chuoni, au uliyemaliza, hapa ndipo unapotakikana.

Muelezee kwanza mambo yalivyo. C+ inamruhusu kuomba digrii, lakini haimpi kozi. Kozi inatazama masomo manne yanayohusiana nayo, na pointi zake za juu kabisa ni 48. Ndio maana wawili wenye B+ wanaomba uhandisi, mmoja anaingia na mwengine anaachwa nje. Udaktari unataka angalau B kwenye Baiolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, na Kiingereza au Kiswahili. Mwenye A ya IRE na A ya Kiarabu tunampigia makofi, na ni haki yake, ila A hizo hazitaziba Kemia ya C.

Kwa hivyo kazi haianzi baada ya matokeo. Wa 8-4-4 wa mwisho watafanya KCSE 2027. Wa mfumo mpya wanachagua njia wakiwa gredi ya 9: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Ukingoja mpaka atoke sekondari ndipo umuulize anataka kuwa nani, umechelewa sana.

Alama ambazo kozi zilifungia miaka iliyopita ziko kwenye tovuti ya KUCCPS. Kaeni nazo nyumbani, kwa simu tu, na kalamu na karatasi. Chaguo la 1a, 1b na 1c ni kozi ya aina moja vyuo tofauti. La 2, 3 na 4 ndipo pa kujikinga. Weka hapo kozi ambayo pointi zake zinafika kweli, na ambayo akipewa atakwenda. Aliyepata C- ana diploma, na wa D ana vyeti vya ufundi, hukohuko KUCCPS. Fundi umeme mzuri hakosi kazi mji huu, tuache kuwacheka.

Halafu pesa. Tangu mfumo wa 2023, kupewa nafasi ni jambo moja na kuomba ufadhili wa serikali na mkopo wa HELB ni jambo lingine. Wako wanaopata barua ya chuo wakadhani yameisha. HELB hutoza riba ya asilimia 4 kwa mwaka; familia inayoliona hilo ni zito iulize masheikh na ipange mapema, sio wiki ya kuripoti.

Na makaratasi. Jina la cheti cha kuzaliwa lilingane na la shule. Akifika miaka 18 aende akaombe kitambulisho siku hizohizo. Februari 2025, Rais Ruto akiwa Wajir alitangaza kufuta ule msasa wa ziada waliokuwa wakipigwa watu wa kaunti za mpakani. Mdogo wako akiambiwa tena alete kamati ya wazee, andika tarehe, ofisi na alichoambiwa, ututumie kwa inbox. Hilo tutalifuata sisi.

Wewe tutafutie mmoja tu. Wa kwenu, wa jirani, au yule anayekaa nyuma madrasa. Muulize leo masomo yake manne ni yapi, kisha tuandikie hapo chini anataka kusomea nini. Waliosomea kozi hiyo wako humu, watakujibu.