Mpiga dramu huyu si wa kuja

Wiki iliyopita nilialikwa harusini hapa Juba. Kijana mmoja aliyerudi kutoka kambi ya Kakuma alipiga dramu tangu saa mbili usiku mpaka wazee wakaanza kusinzia vitini. Saa ya malipo akapewa nusu ya waliyopatana. Akaambiwa, "Ninyi wa kuja mnapenda sana pesa." Akafungasha vijiti vyake, akapanda boda boda, akaenda zake.

Mimi nilikasirika, ndugu msomaji. Maana katikati ya karamu watu wale wale waliomba Remmy Ongala, na kijana akawapigia.

Remmy alikuwa nani? Mkongo, mzaliwa wa 1947 upande wa Kivu. Alifiwa na wazazi mapema, shule ikamshinda. Miaka ya 1960 alikuwa akipiga dramu katika bendi ya vijana iliyoitwa Bantu Success, kabla hatujamjua kwa gitaa na utunzi. Mwaka 1978 alifika Dar es Salaam kujiunga na Orchestra Makassy ya mjomba wake, baadaye akaiongoza Super Matimila. Nyimbo zake zilimsemea mnyonge, mchuuzi na mwenye njaa, kwa Kiswahili ambacho hata sisi wa Konyo Konyo tunakielewa. Mwaka 1989 albamu yake iliyotolewa Uingereza ilikuwa na wimbo Sauti ya Mnyonge.

Sisemi Dar ilikuwa peponi. Mambo kwa Soksi, wimbo wa kuhimiza kondomu wakati UKIMWI unaua, ulinyimwa nafasi Radio Tanzania. Lakini ugomvi ule ulihusu maneno ya wimbo. Watu wa mitaani walimwita Dokta, na alipofariki Desemba 2010 walimlilia kama wao. Mpaka leo ukipanda daladala kwenda Sinza utasikia konda akiita kituo: "Kwa Remmy!" Kituo kizima, jina la mtu aliyekuja na begi.

Sasa huyu wetu hata mgeni si mgeni. Babu yake amezikwa hapa. Kosa lake ni kujifunzia dramu kanisani, kambini, wakati sisi wengine tukijifunza kuuza nyanya kati ya Elegu na Nimule. Tunaorudi na biashara tunapokewa vizuri. Anayerudi na ufundi wa mikono yake anapunjwa?

Mwenye harusi namfahamu, na najua atasoma hapa. Mzee wangu, ile nusu bado unadaiwa.