Tuache Kuililia Burundi Ambayo Haikuwapo

Inarudiwa madarasani, redioni na kwenye hotuba za sherehe: kabla ya Mjerumani, neno la mwami, yaani mfalme, lilifika kila kilima bila kupingwa, na mafarakano yote tuliletewa na Mzungu. Tamko hilo linafariji, lakini si kweli.

Nenda Gishora, jirani na Gitega, ambako wageni huonyeshwa ngoma za kifalme kama ushahidi wa umoja wetu wa kale. Masimulizi ya palepale yanasema mwami Mwezi Gisabo alianzisha makao yale baada ya kumshinda chifu Ntibirangwa aliyemwasi. Ushahidi wa umoja umesimama juu ya vita vya ndani!

Baba yake Mwezi, Ntare Rugamba, aliipanua nchi katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 na kuwagawia wanawe ardhi za pembezoni. Wafalme wa Wafranki huko Ulaya nao waliwakabidhi watu wao kaunti za mipakani, na baada ya vizazi vichache kaunti zikawa mali ya urithi. Kwetu wajukuu wa Ntare, Batare, walijikita kaskazini na mashariki, wakashindana na Bezi, wazao wa Mwezi. Mjerumani alikuta ufa, akautia kabari: katika mkataba wa Kiganda wa tarehe 6 Juni 1903 alimtoza Mwezi ng'ombe 424 na kumlazimisha awatambue Maconco, mkwe wake mwenyewe aliyemwasi, na mpinzani wake Kilima kuwa watawala huru.

Aliyeinyoosha nchi ni Mbelgiji aliyemfuata. Mwaka 1929 Burundi ilikuwa na machifu 133, na 27 kati yao walikuwa Wahutu. Mwaka 1933 walibaki 46 tu, na kufikia 1945 hakukuwa na chifu Mhutu hata mmoja. Ile nchi nadhifu tunayoiita ya mababu imetoka kwenye daftari la mkoloni, na kila tunapoisifu tunawafuta waliofutwa.

Hasara ya sifa hizo inaonekana Muyinga. Mtoto wa huko anajifunza habari za ikulu, wala hasikii kitu juu ya Bweru, eneo la kale anamoishi. Akivuka mpaka wa Kobero anaingia Ngara, Tanzania, anaelewana na Wahangaza bila mkalimani, na hajui kwamba Bugufi, eneo hilo la Ngara, ilikuwa chini ya baganwa, yaani wana wa kifalme, wa Burundi. Eneo jirani la Gisaka lilirudishwa Rwanda miaka ya 1920, ila Bugufi iliachwa Tanganyika. Somo hilo lifundishwe Muyinga kabla ya orodha ya wafalme.