Mimba Ziharibikazo Mwezi wa Tano

Mama mpenzi, je, mimba zako zimeharibika mara mbili tatu, mwezi wa tano, bila uchungu mwingi? Usidhani umelogwa, nawe baba, usimlaumu mkeo. Huenda mlango wa tumbo la uzazi ni dhaifu: mtoto akikua, wafunguka kabla ya wakati.

Mwaka 1955 Daktari Shirodkar wa Bombay, Bara Hindi, alieleza namna ya kuufunga kwa uzi, kama ufungavyo mdomo wa mfuko. Hushonwa hospitalini, kwa kawaida majuma 12 hadi 14, na uzi hutolewa juma la 36 au 37. Si kila mimba huharibika kwa sababu hii. Daktari ndiye apimaye.

Basi mkipata mimba tena, nendeni wote wawili mapema, mkamweleze yote yaliyopita. Msingoje mwezi wa tano.