Mshika Mbili Hakuponyokwa, Alinyang'anywa

Katika mabaraza ya Makorora, kama ilivyo katika kata nyingi za Jiji la Tanga, imani moja hurithishwa bila kuhojiwa, nayo ni kwamba mpira na kitabu havikai pamoja, na kijana anayevitaka vyote atapatwa na yale ya mshika mbili ambaye moja humponyoka. Imani hiyo hupewa heshima ya busara, lakini kwa hakika ni kisingizio kinachowafaa wasiostahili nafuu, yaani klabu, shule na vyuo, kwa kuwa kila kijana anapoanguka darasani lawama humwendea yeye na mchezo wake, wala haimfikii aliyepanga ratiba.

Mtihani wa Taifa wa kidato cha nne hufanyika Novemba, ilhali msimu wa Ligi Kuu, ambao kwa kawaida huanza Agosti, huwa umepamba moto wakati huo. Kijana wa miaka 17 aliyeonekana katika ndondo, yaani mashindano ya mitaani, kisha akasajiliwa na timu ya daraja la juu, anaweza kujikuta ndani ya basi linaloelekea Mbeya katika juma lile lile ambalo wenzake wanafunguliwa karatasi ya Hisabati. Aliyenyang'anywa hawezi kuitwa aliyeponyokwa.

Imani hii imewahi hata kuwa sera, kwani mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali ilisitisha mashindano ya shule kwa hoja ya kuokoa masomo, na baadaye ikabidi yarejeshwe. Wakati huohuo, shule na vyuo vinavyohubiri kwamba kitabu ndicho cha kwanza havijakoma kuchezesha mamluki, yaani wachezaji wasio wanafunzi wanaoandikishwa kwa ajili ya kombe tu, jambo linaloonyesha kuwa taasisi hizo haziuogopi mchezo hata kidogo. Zinachokwepa ni mzigo wa kumfundisha anayeucheza.

Ushahidi wa upande wa pili ni wa Watanzania wenyewe. Suleiman Nyambui alitwaa medali ya fedha ya mbio za mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas kilichopo El Paso. Hasheem Thabeet, kwa upande wake, alikiacha Chuo Kikuu cha Connecticut baada ya misimu 3 na kuchaguliwa wa pili katika usajili wa NBA wa mwaka 2009, na hapo wenye imani ile hushangilia kwamba hoja imekwisha. Haijakwisha, kwa sababu Marekani ina ugonjwa wa namna nyingine: fedha imekimeza chuo, kiasi kwamba tangu mwaka 2025 kila chuo kinaruhusiwa kuwagawia wanamichezo wake fedha hadi kikomo kilichoanza na takriban dola milioni 20.5 kwa mwaka. Huko fedha ilitangulia na kanuni zikaifuata zikihema, ilhali Tanga bado ina nafasi ya kutanguliza kanuni.

Hata kwetu fedha yenyewe si ya kufikirika. Kanuni za FIFA zina mgao wa mshikamano, yaani asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa inayogawiwa klabu zilizomlea mchezaji tangu msimu wa umri wa miaka 12 hadi 23, na kila msimu kati ya miaka 12 na 15 huhesabiwa asilimia 0.25 ya ada. Mchezaji akiuzwa dola milioni 1, misimu hiyo 4 ya utotoni ina thamani ya dola 10,000, lakini shule iliyompa uwanja, mpira na mwalimu haitapata hata senti ikiwa timu yake haijasajiliwa kama klabu katika chama cha mpira. Kwa shule ya kata, hayo ni madawati, na pengine maabara.

Kanuni ya kutangulizwa nayo ni nyepesi: mkataba wa mchezaji aliye chini ya miaka 18 unaweza kubeba kifungu cha mistari miwili kinachomzuia kusafiri na timu siku za mitihani ya Taifa na kuibebesha klabu ada yake ya masomo. Makocha watalalamika, ingawa timu itakayokwenda Mbeya bila mchezaji mmoja wa akiba bado itaingia uwanjani na watu 11.