Mkanda wa tumbo na gharama isiyotangazwa

Na Mwanaidi Shekilindi
Safu ya Hoja ya Wiki

Mwaka 1993, katika mji wa Huy nchini Ubelgiji, Mitiku Belachew, daktari bingwa wa upasuaji mzaliwa wa Ethiopia, alimfunga mgonjwa mkanda wa silikoni sehemu ya juu ya tumbo la chakula, akipitia matundu madogo bila kumpasua tumbo zima. Ndani ya mkanda huo mna kipira kinachojazwa maji ya chumvi kwa sindano, kupitia kidude kilichofukiwa chini ya ngozi. Maji yakiongezwa mkanda hukaza na mtu hushiba kwa matonge machache, yakipunguzwa hulegea. Hakuna kinachokatwa, na mkanda waweza kuondolewa. Marekani iliuidhinisha mwaka 2001, ukapendwa mno. Leo umekaribia kuachwa kabisa, na sababu za kuachwa kwake zinatuhusu, maana Nairobi na Dar es Salaam nako huduma za hospitali za kupunguza uzito zimeshaingia.

Wanaoutetea huanzia kwenye utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2008. Kati ya wagonjwa 60 wenye unene na kisukari cha aina ya pili kilichogunduliwa karibuni, waliofungwa mkanda walipata nafuu ya ajabu: baada ya miaka miwili, kisukari kilikuwa kimetulia kwa asilimia 73 yao, dhidi ya asilimia 13 ya waliotibiwa kwa njia za kawaida. Matokeo hayo siyakatai. Ila miaka miwili ni michache kwa kifaa kinachokusudiwa kukaa mwilini maisha yote. Madaktari wa Brussels waliowatafuta wagonjwa wao miaka 12 na zaidi baada ya upasuaji waliripoti mwaka 2011 kwamba karibu nusu walikuwa wameshaondolewa mikanda, na kwa zaidi ya robo mkanda ulikuwa umepenya ukuta wa tumbo. Mwaka 2017 zikaja hesabu za Medicare, bima ya serikali ya Marekani: kati ya wagonjwa zaidi ya 25,000, karibu mmoja kwa kila watano alirudishwa chumba cha upasuaji, na asilimia 47 ya fedha zote zilizolipwa kwa ajili ya mikanda zilikwenda kwenye upasuaji wa marudio. Hiyo ndiyo gharama ambayo tangazo halikuitaja.

Wapo wanaosema kosa ni la wagonjwa: hawakufuata masharti, hawakuhudhuria kliniki. Hoja hiyo naiona dhaifu. Tiba inayomtaka mtu arudi mara kwa mara kupimiwa maji ya mkanda lazima ipimwe kwa watu kama walivyo, wenye kazi, watoto na nauli ya kutafuta. Mgonjwa aliyefungwa mkanda Dar es Salaam na kurejea Kigoma, mkanda ukiteleza usiku akaanza kutapika hata maji, atampata wapi wa kuufungua? Sifa ya kurekebishika, iliyouuza mkanda, ndiyo inayomfunga mgonjwa kwa hospitali aliyofanyiwa upasuaji.

Simaanishi kwamba wanene waambiwe tu wale kidogo. Unene uliopitiliza ni ugonjwa, na mwili uliopungua huongeza njaa ili kurudisha uzito uliopotea. Kumwita mtu mzembe hakumtibu. Upasuaji mwingine unafanya kazi vizuri zaidi. Katika jaribio kubwa la Uingereza, baada ya miaka mitatu, waliopoteza walau nusu ya uzito wao wa ziada walikuwa asilimia 68 kwa njia ya kuchepusha chakula, 41 kwa kukata sehemu ya tumbo, na 25 tu kwa mkanda. Hata hivyo, hizo mbili za kwanza haziwezi kutenduliwa kirahisi, na aliyefanyiwa huhitaji vitamini na vipimo vya damu maisha yake yote. Haja ya ufuatiliaji iko palepale.

Kwa hiyo wizara zetu za afya zisitoe kibali cha huduma hizi kwa kuangalia chumba cha upasuaji peke yake. Kila hospitali itakiwe kuweka daftari la wagonjwa wake na kutangaza hali yao baada ya miaka mitano, pamoja na bei inayojumuisha kliniki na marudio. Nawe msomaji unayefikiria upasuaji huu, kabla hujatia saini uliza nani atakuona mwaka wa tatu, wapi, na kwa fedha ya nani. Usipojibiwa waziwazi, usikubali.