Mbao Kuukuu na Haki ya Wanakijiji



Tunaupinga usemi kwamba nyumba ya heshima sharti itandikwe sakafu ya mbao mpya. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, misitu ya kusini mwa mto Rufiji ilifikika kwa urahisi, na malori yakasomba magogo ya mninga na mkongo. Utafiti wa shirika la TRAFFIC wa mwaka 2007 ulidhihirisha kwamba wanakijiji walipata sehemu moja hivi ya mia ya bei ya magogo hayo yalipouzwa nchi za nje. Huo ni unyonyaji.

Kumbe nyumba za zamani zinapobomolewa, tunaona boriti na ngazi za mvule zikigeuzwa kuni! Miti hiyo ilikua kabla ya babu zetu kuzaliwa. Mbao zake zimekwisha kukauka. Zikikaguliwa mchwa, zikang'olewa misumari na kupigwa randa, hutoa sakafu imara isiyopinda upesi.

Wako watakaosema kwamba wezi wa misitu watajificha nyuma ya jina la mbao kuukuu. Ni kweli. Ndiyo maana yatupasa kuuliza kabla ya kulipa: zimetoka jengo lipi? Nani alilibomoa? Matundu ya misumari yako wapi? Asiyeuliza kwa makusudi hushiriki wizi.

Hatuwezi kuhubiri haki barazani huku sebuleni tunaikanyaga dhuluma kwa miguu yetu.