Mnunuzi wa redio ya upepo asihadaike na kilomita

KILOMITA 30 zinazochapishwa kwenye pakiti ya redio ya upepo hukadiriwa pasipo kizuizi chochote, mathalani kutoka kileleni hadi bonde lililo wazi. Katika msitu wa Mlima Kenya huenda zikasalia mbili tu. Wauzaji hulikwepa jambo hilo, na mwelekezi wa wapanda mlima aliyeiamini pakiti hulitambua akiwa tayari na mgonjwa mikononi.

Nyikani, masafa ya VHF hufaa zaidi. Bawabu wa ghorofa za Nairobi ahitaji UHF, ambayo hupenya majengo vyema. Lakini kutumia masafa yanayohitaji leseni bila idhini ya Mamlaka ya Mawasiliano (CA) ni kosa kisheria, hata redio iwe rahisi namna gani. Hilo pia pakiti hailitaji.